Nani Kasema Umechelewa?

Umewahi kuambiwa umechelewa maishani? Mimi tangu niache chuo, huo ndio wimbo wa nyumbani. Basi siku nilipokanyaga barafu mara ya kwanza pale Panari, Mombasa Road, watoto wa miaka saba walinipita mbio kama matatu, mimi nimeng'ang'ania ukuta.

Nilianguka mara tisa. Cheka tu, lakini kuanguka kuna ufundi wake: kunja magoti, angukia ubavuni, halafu kunja vidole visikatwe na viatu vya wenzako.

Tangu hapo, hata kutazama mchezo huu kwenye simu kumebadilika. Mruko wa Axel unaanza ukiangalia mbele, kwa hivyo unadai nusu mzunguko zaidi. Nikimwona Ilia Malinin wa Marekani akitua ule wa mizunguko minne na nusu wa 2022, mimi huchizi, maana najua uchungu wa kutua vibaya.

Na sikia hii: Oberstdorf, Ujerumani, kuna mashindano ya kimataifa ya watu wazima. Umri ni miaka 28 kwenda juu.

Mimi nina 26. Kumbe bado ni mtoto!