Mama Fifi Masuka, liwali wa Lualaba

Wamama wenzetu wa Fizi na Baraka, swali lilizuka kwenye likelemba: mwanamke anaweza kuongoza jimbo zima?

Tumtazame Mama Fifi Masuka Saini. Mwaka 2019 alichaguliwa makamu wa liwali wa Lualaba, kule Kolwezi kwenye shaba na kobalti. Mwaka 2021 liwali Richard Muyej akawekwa kando, na mama akashika nafasi kwa muda. Muda gani huo! Ulikaribia miaka mitatu. Aprili 2024 akachaguliwa liwali kamili.

Ni nani waliomchagua? Hapa wengi wetu tunajikwaa. Raia hampigii liwali kura. Wanaomchagua ni wadepite wa jimbo, nasi wadepite hao tuliwachagua Desemba 2023, siku moja na rais. Tuseme ukweli: mbele ya ile mashine, rais tulimjua, lakini tulipofika kwa wadepite wa jimbo wengine tuligusa picha yoyote, tukakimbilia ndakala zetu sokoni. Basi vidole hivyo ndivyo vilivyoamua nani awe liwali wetu kwa miaka 5, na barabara yetu iko mikononi mwake.

Tena, sheria ya uchaguzi ya 2022 inasema liste yenye nusu ya wanawake hailipi dhamana. Ndiyo maana vyama vinatafuta majina yetu. Akija mtu kuomba lako, muulize kwanza: ni la kugombea kweli, ama la kujaza liste?