Rangi isiyopakwa: Kiswahili mbele ya nanochembe

Wapo wasomi wenzangu wanaoshikilia ati Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya vitu vidogo mno. Leo nitawajibu kwa neno moja tu: rangi.

Nano ni kipimo. Gawa mita moja mara bilioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita. Nanochembe huwa na upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Wengine huziita vumbi, neno nisilolitaka, maana vumbi tunaloliona likielea juani ni jitu mbele yake.

Chukua kadimiamu na seleniamu. Zikiungana hufanya nusu-kipitishi: hakipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala hakiuzuii kabisa kama kioo. Mwaka 1993, katika chuo cha MIT, Marekani, Moungi Bawendi na wenzake walidunga malighafi katika kimiminika chenye joto kali, chembe zikaanza kuota papo hapo. Kadiri zinavyoendelea kupashwa moto ndivyo zinavyokua. Zitoe mapema, zikiwa na nanomita 2 hivi, uzimulike kwa miale ya urujuanimno: zitang'aa buluu. Subiri zifike 6 hivi, zitang'aa nyekundu. Na malighafi ni ileile! Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa utafiti wa chembe hizi.

Hapa ndipo neno rangi linapoponza. Kwetu, rangi ni ile ionwayo na macho na pia ile ya mkebe, anayopaka fundi ukutani. Mwambie mwanafunzi "chembe zina rangi nyekundu", naye atauliza nani alizitia. Hakuna! Elektroni huruka pengo la nishati, na chembe ikiwa ndogo pengo hupanuka. Elektroni ikirudi, hutoa mwanga: pengo pana buluu, pengo jembamba nyekundu. Basi tuseme "zinatoa mwanga mwekundu".

Oksidi ya zinki nayo hunasa urujuanimno, ndiyo maana hutiwa katika mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Chembe zake kubwa hutawanya mwanga, uso ukaonekana mweupe. Nanochembe hazitawanyi sana, mafuta yakapotea machoni. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akidhani weupe ule ndio dawa, atayatupa mafuta yasiyouacha. Huyo ndiye ninayetaka aelezwe, na kwa Kiswahili.