Chai ya Milimani Haitaki Haraka

Asubuhi hapa Mweso ni baridi na ukungu. Mama anawasha moto, anatia majani ya chai na sukari ndani ya sufuria, anaacha ichemke mpaka iwe nyeusi tii. Halafu baba analalamika: «Mama, hii chai ni chungu!» Kosa si la majani.

Mti wa chai ni mmoja tu. Majani yakisagwa na kuachwa mpaka hewa iyageuze kabisa, ni chai nyeusi, ile tunayoizoea. Yakipashwa moto mapema, ni chai ya kijani. Katikati iko oolongi ya Wachina. Kule Taiwan, «chai ya mlima mrefu» ni ile inayoota kupita metre 1000. Baridi na ukungu vinakuza jani polepole. Uchungu unapungua, utamu na harufu ya maua vinabaki.

Lakini urefu wa mlima hautoshi. Kericho, Kenya, iko metre 2000 hivi, na chai yake nyingi inasagwa kwa mashini ili itoe rangi mbio. Oolongi inaanikwa, inatikiswa mpaka kando za jani zichubuke, inapashwa moto, inaviringwa kama vidonge.

Kuitengeneza ni hivi: gramu 5 katika birika dogo, maji ya moto sana, dakika moja, kisha mimina yote. Majani yaleyale unayatilia maji mapya mara 4 ao 5. Bila maziwa, bila sukari.

Sisi tufanye nini na chai yetu ya soko? Chemsha maji vizuri, epua, ndipo utie majani. Funika dakika 3 hadi 5, chuja. Sukari kidogo itatosha.

Neno kwa mama mwenye mimba: chai inazuia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya maharagwe na sombe, na chuma ndicho kinachojenga damu. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja saa moja. Mtoto naye apewe uji, si chai.

Na ninyi vijana wa kariyeri: koltani ikitoka, linabaki shimo. Mti wa chai ukitunzwa, unachumwa zaidi ya miaka 50. Mzazi, mtoto akirudi toka Rubaya, funika birika, keti naye. Dakika zile 5 zinatosha kumuuliza habari zake.