Usingoje Mpaka Aseme

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji hutujia na shida moja: mtoto hasemi. Nyumbani wameshaambiwa wasubiri, kwani hata babake alichelewa kusema. Mimi huanzia kwingine. Akitaka maji, anafanyaje? Mtoto aliyechelewa kusema tu hulinyooshea jagi kidole, kisha humgeukia mama aone kama ameelewa. Mwenye usonji huenda akamshika mama mkono na kuupeleka hadi kwenye jagi bila kumtazama usoni. Watoto wengi huwa wameshaanza kunyoosha kidole hicho kabla ya miezi 18, nami hukijali kuliko hesabu ya maneno.

Wapo wanaosema, ila kwa njia yao. Unamwuliza, "Unataka uji?" naye anajibu, "Unataka uji." Watu hudhani anadhihaki. Mara nyingi anaomba uji kwa maneno aliyoyasikia siku ulipoletwa. Mpe, huku ukimtamkia, "Nataka uji," apate sentensi anayoihitaji.

Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua tangu tumboni, na urithi una mchango mkubwa. Hapa Pwani ya Kenya, utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa 2015, uliwakuta wazazi wakitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu. Inaniuma kwamba lawama hizo humwangukia mama, akaanza kumficha mtoto ndani. Chanjo nazo hazihusiki: makala ya Andrew Wakefield ya 1998 yaliyozua hofu hiyo yalifutwa na jarida la Lancet lenyewe mwaka 2010. Kumnyima mtoto chanjo ni kumwachia surua mlango wazi.

Basi uende wapi? Kwanza apimwe masikio, kwa sababu asiyesikia vizuri naye haitiki jina lake. Kisha ulizia kituo cha tathmini ya elimu, ambacho wengi hukiita EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984 na vingi vimo ndani ya shule za msingi. Walimu wake humpima mtoto na kukuelekeza kwenye shule yenye kitengo maalum. Msajili pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukihitaji wazazi wenzako, wapo Autism Society of Kenya.

Shule usiichague kwa rangi ya ukuta. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi, na mtoto akiziba masikio na kulia kwa sababu ya kelele, wanamfanyia nini. Wakisema huchapwa au hufungiwa, mtafutie kwingine.

Na unapomleta kwetu, njoo na video za simu: akila, akicheza, akiitwa jina. Ndani ya chumba kigeni watoto wengi hunyamaza au hulia, nasi tunahitaji kumwona alivyo kwao.