Kabla Hujanunua Matatu: Soma Safari Kupitia Malipo ya Simu

Umeweka akiba, mkopo uko karibu kupita, na sasa unatafuta matatu ya abiria 14 ifanye kazi kati ya Embu na Chuka. Kabla ya kuuliza bei ya gari, jiulize: je, njia hiyo ina abiria wa kutosha gari moja zaidi?

Wataalamu wa usafiri hujibu swali kama hili kwa kutengeneza modeli, yaani picha ya safari iliyochorwa kwa hesabu: watu wangapi wanatoka wapi, wanaenda wapi, na saa ngapi. Kenya tuna mfano mzuri. Kuanzia 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani vilishirikiana katika mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu za Nairobi wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo. Ramani ya zaidi ya njia 130 ilitoka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Ramani ile ilionyesha gari zinapita wapi. Kujua abiria ni wangapi kila saa ni kazi nyingine, na hapo ndipo nauli inayolipwa kwa simu inaweza kutusaidia.

Hesabu ya steji

Tuchukue mfano wa kufikirika. Steji ya Embu inapata abiria 28 wa Chuka kwa saa. Gari inabeba 14, kwa hivyo inajaa moja kila nusu saa. Abiria wa kwanza anangoja dakika 30, wa mwisho anakaa tu na gari inatoka. Kwa wastani kila mtu anangoja dakika 15. Siku wanafunzi wanarudi Chuo Kikuu cha Chuka, abiria wakifika 84 kwa saa, gari inatoka kila dakika 10.

Sasa tuangalie idadi ya gari. Tuseme kwenda, kujaza Chuka, kurudi na kujaza tena Embu kunachukua saa 4. Gari 2 zikitoka kila saa, njia inahitaji 2 mara 4, yaani gari 8. Kwa siku ya saa 12 kuna safari 24 kutoka Embu, na kila gari inapata 3.

SACCO ikiongeza gari hadi 12, abiria hawaongezeki. Safari zinabaki zile zile 24, na kila gari inapata 2. Lakini mkopo wako haupungui! Dereva naye anaanza kukimbiza gari ili apate foleni mapema. Akipata nafasi, mwenzake ameikosa, na hakuna anayetaka dereva mwenye haraka kwenye mteremko.

Till inaonyesha nini?

Abiria wakilipa kwa namba ya till ya SACCO, kila malipo yanabaki na saa na kiasi. Omba viongozi wa SACCO wakuonyeshe jumla ya malipo kwa kila saa, angalau kwa miezi mitatu. Utaona asubuhi, saa za mchana zilizopoa, siku za soko na wiki za kufungua shule. Njia ya Meru kwenda Maua ina mambo yake pia, kwa sababu miraa ikiuza vizuri watu husafiri zaidi.

Lakini till haioni kila kitu:

- Haioni aliyelipa pesa taslimu.
- Haijui kama sh. 600 ni mtu mmoja wa mbali au watatu waliolipiwa pamoja.
- Haijui aliyeshuka Runyenjes na kiti chake kikachukuliwa na mwingine.
- Haioni aliyechoka kungoja akaenda na gari nyingine.

Kwa hivyo kaa steji wiki moja na daftari. Ukikuta kati ya abiria 14 ni 7 wanaolipa kwa simu, zidisha idadi ya till kwa 2. Hesabu asubuhi, mchana na jioni kando kando, maana kiwango hicho kinaweza kubadilika.

Na siri ya abiria je?

Modeli inahitaji idadi tu. Haihitaji jina wala namba ya simu ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za abiria, kwa hivyo ukiomba rekodi, omba jumla ya kila saa. Mtu akikutumia orodha yenye majina, usiisambaze.

Wewe abiria

Lipa kwa till ya SACCO badala ya namba binafsi ya makanga, na uhakikishe jina kabla ya kuweka PIN. Utabaki na ushahidi wa nauli yako, na safari yako itahesabiwa wakati SACCO inaamua gari ngapi ziwe steji saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa anayenunua gari, kanuni ni fupi: abiria wa saa moja, gawanya kwa viti, zidisha kwa saa za mzunguko. Jibu likiwa chini ya gari zilizopo tayari, tafuta njia nyingine kabla ya kusaini mkopo.