Bega Linapogoma Kuinuka Baada ya Chanjo

Mwezi wa Julai hakuna anayetoka nyumbani Lushoto, mkoani Tanga, bila sweta. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Magamba, Shume au Mtae baridi inazidi kuuma. Wazee huvaa koti juu ya sweta, kina mama hujitanda kanga juu ya hayo yote. Ni katika msimu huohuo, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 Ikulu, Dar es Salaam, siku chache baada ya Tanzania kupokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen. Sweta hilo tutalirudia, kwa sababu linahusika na bega kuliko watu wanavyodhani.

Wengi wanaochanjwa mkononi huumwa siku mbili tatu, wakapona, wakasahau. Wapo wachache ambao wiki inapita, mwezi unapita, na mkono bado haupandi kufunga ushungi wala kushika tenga kichwani. Wakirudi kulalamika huambiwa ni kawaida, itaisha. Kwa wengi jibu hilo ni sahihi. Kwa hawa wachache si sahihi, na kulirudiarudia ndiko kunakozaa uvumi mtaani kwamba chanjo inapoozesha.

Maumivu ya kawaida yana sababu inayoeleweka. Chanjo huamsha kinga ya mwili: seli za ulinzi hukusanyika pale sindano ilipoingia, mishipa midogo ya damu hupanuka, majimaji hujaa na neva husisimka. Maumivu huanza baada ya saa chache, hukolea siku ya kwanza au ya pili, kisha hupungua. Chanjo ya pepopunda, ambayo wajawazito wanaijua vizuri, ina sifa ya kuacha mkono mzito. Wakati mwingine hata tezi za kwapani huvimba kidogo.

Maumivu yasiyoisha ni habari nyingine, na mara nyingi kisa chake ni mahali sindano ilipofika. Bega limevikwa msuli mnene uitwao deltoidi, na huo ndio unaolengwa. Chini ya sehemu ya juu ya msuli huo, karibu na mfupa, kuna kifuko chembamba chenye majimaji ya utelezi kinachozuia kano na mfupa visisuguane. Sindano ikipigwa juu mno, ikazama, chanjo inaweza kumwagika ndani ya kifuko hicho. Kinga ya mwili, ambayo chanjo imetengenezwa iiamshe, huamka mahali pasipofaa: kifuko huvimba, kano huvimba pia, bega huanza kukataa kazi.

Mwaka 2007 madaktari wawili wa Marekani, Marko Bodor na Enoch Montalvo, walichapisha habari za wagonjwa wawili wa namna hii. Mwaka 2010 wakachambuliwa wagonjwa 13, na karibu nusu yao walieleza kwamba sindano ilichomwa juu sana. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ililiingiza jeraha hili katika orodha ya madhara ya chanjo yanayolipiwa fidia. Wala si tatizo la kutisha watu: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu chanjo ya mafua nchini humo ulikuta takriban watu 8 wa ziada wenye uvimbe wa kifuko hicho kwa kila milioni moja waliochanjwa.

Sasa turudi kwenye sweta. Mtu aliyevaa nguo tatu, nyuma yake kuna foleni, hakunji mkono wa sweta. Anavuta kola pembeni, anatoa kipande cha bega. Kinachoonekana ni sehemu ya juu tu, na nesi akiwa amesimama huku mteja ameketi, mkono wake unashuka kutoka juu. Hapo sindano inaenda pasipotakiwa. Mahali sahihi ni upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, juu ya usawa wa kwapa, bega zima likiwa wazi, nesi na mteja wote wameketi. Kwa hiyo siku ya chanjo vaa fulana ya mikono mifupi ndani, uvue vilivyo juu. Kumwambia nesi, "Samahani dada, ngoja nivue sweta kwanza," si utovu wa adabu.

Lakini si kila bega linalouma baada ya chanjo limeumizwa na chanjo. Anayelima karoti kwenye miteremko ya Lukozi na kubeba kuni kichwani huwa na bega lililochoka tangu zamani. Wenye kisukari, na watu wa miaka 40 hadi 60, hupata bega kuganda hata bila sindano. Dalili inayoelekeza kwenye sindano ni hii: bega halikuwa na tatizo, maumivu yalianza ndani ya siku mbili za kuchanjwa, yako bega hilohilo, na mkono hauinuki vizuri.

Ukijikuta hapo, kosa kubwa ni kuufunga mkono kitambaani na kuupumzisha wiki nzima. Bega lisilotembezwa hukakamaa. Siku mbili za mwanzo weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 (maji ya bomba ya Lushoto asubuhi yanatosha, barafu ya nini?). Mtu mzima anaweza kumeza panadol, vidonge viwili vya miligramu 500, akiacha saa sita kati ya dozi, asizidishe vinane kwa siku. Diklofenaki inauzwa kama njugu, ila haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, wala mjamzito. Kukanda kwa nguvu na kuchanja chale juu ya uvimbe kunaongeza madhara.

Mazoezi ndiyo dawa yenyewe. Egemea meza kwa mkono mzima, inama kidogo, acha mkono unaouma uning'inie, uuzungushe duara dogo kwa dakika moja au mbili. Kisha simama mbele ya ukuta, pandisha vidole taratibu mpaka pale bega linapovuta, ushuke. Baadaye shika kanga nyuma ya mgongo, mkono mzima juu, unaouma chini, uvute polepole. Fanya mara mbili au tatu kwa siku. Mvuto si tatizo. Maumivu makali ni ishara ya kupunguza. Usiku lala ubavu wa pili na mto chini ya mkono.

Kumwambia mkulima aache mizigo msimu wa mavuno ni kujidanganya. Agawe mzigo, aende safari mbili, tenga alishike kwa mkono mzima.

Zikipita wiki mbili bila nafuu, nenda hospitali ya wilaya au ya Bumbuli, na ikibidi upewe rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Daktari anaweza kupima kwa mawimbi ya sauti, kukuunganisha na mtaalamu wa fiziotherapia, au kuchoma dawa ya kutuliza uvimbe begani. Homa yenye wekundu unaosambaa au usaha, ganzi, au mkono kulegea ghafla havisubiri wiki mbili. Na mkono wa kushoto unaouma pamoja na kifua kubana ni dharura ya moyo.

Taja tarehe ya chanjo na mkono uliochomwa, na uombe taarifa ifike TMDA, mamlaka inayofuatilia madhara ya dawa na chanjo nchini. Bega lililoumia halimnyimi mtu chanjo nyingine. Siku ya dozi ijayo mweleze nesi yaliyotokea, naye atachoma mkono wa pili.