Miaka 34, Ndiyo Kwanza Naanza Kuigiza!

Jamani, niliposema hapa Kwashemshi kwamba nataka kuigiza, mashoga walicheka: "Na umri huo, unakwenda kuuza sura?" Waache wacheke. Vibinti vimejaa kwenye filamu, lakini mama mkwe, mjumbe na mganga nani awacheze? Tanga yetu ilimtoa King Majuto, naye alichekesha watu hadi uzeeni, akafariki mwaka 2018. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, ila ada bado sina. Basi jioni, tukitoka mkongeni, tunajifua na kikundi chetu. Mjanja mmoja wa mjini alitaka nimpe hela aniingize kwenye filamu. Nikamwambia, mwigizaji ndiye hulipwa, kaka! Jumamosi nacheza mama mkwe mwenye gubu, na wifi yangu ameshaanza kunikwepa.